Mgeni Mwenye Ujuzi na Mtu wa Kando Yake

Mada ya leo ni kibali cha kazi cha mgeni mwenye ujuzi: daktari, mhandisi, mwalimu, mtaalamu wa mimea, mtafiti. Sheria za Tanzania zinamruhusu nani, kwa muda gani na kwa sharti gani? Na je, jambo hilo linaihusu wilaya yetu ya Rungwe, au ni la maofisi ya Dodoma na Dar es Salaam tu?

Linaihusu, tena tangu zamani. Lakini kwanza ifahamike kibali chenyewe ni nini.

Chukua mfano wa kiwanda cha chai. Jani la chai halina subira. Likishachumwa asubuhi lazima linyaushwe, lisagwe, liachwe lichachuke, kisha likaushwe, na hatua hizo zifuatane bila kusimama. Mashine ya kusagia ikikwama usiku, jani lililotandazwa kunyauka linaanza kupata joto na kubadilika rangi, na kesho yake magari yanashusha jani jingine. Mafundi wa kiwanda wamehangaika nayo mpaka alfajiri, wapi. Inabidi aitwe fundi wa kampuni iliyoitengeneza mashine, naye yuko India. Je, fundi huyo anahitaji kibali cha kazi?

Kwa kazi ya siku chache, kwa kawaida hahitaji. Mgeni wa namna hiyo huingia kwa viza ya biashara, ambayo haizidi miezi mitatu. Anakuja, anatengeneza mashine, anaijaribu, anakunywa chai ya Rungwe pale inapotoka, anaondoka. Mambo hubadilika pale kiwanda kinapotaka abaki awe mkuu wa mitambo kwa miaka miwili. Hapo viza haitoshi. Anahitaji karatasi mbili, na ofisi zinazozitoa ni mbili tofauti.

Karatasi ya kwanza ni kibali cha kazi, kinachotolewa na Kamishna wa Kazi. Ya pili ni kibali cha ukaazi, kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji. Watu wengi huzichanganya, hata waajiri. Kamishna wa Kazi anauliza: kazi hii hakuna Mtanzania anayeweza kuifanya? Uhamiaji wanauliza: mtu huyu ni nani, na anastahili kuishi hapa? Anayepata cha kazi bila cha ukaazi bado hajakamilisha, na mwenye cha ukaazi asiye na cha kazi haruhusiwi kuajiriwa.

Sheria kuu upande wa kazi ni Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Namba 1 ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huohuo. Hiyo ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira na ofisi zake. Upande wa ukaazi inatumika Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995. Zote zimefanyiwa marekebisho mara kadhaa, kwa hiyo anayemwita mgeni leo asitegemee aliyoambiwa na jirani yake miaka sita iliyopita.

Vibali vya kazi vimegawanywa kwa herufi. A ni ya wawekezaji na waliojiajiri. B ni ya taaluma maalumu zilizotajwa kwenye kanuni, yaani watu wa afya, wataalamu wa mafuta na gesi, na walimu na wahadhiri wa sayansi na hisabati. C ni ya taaluma nyinginezo. D ni ya wanaofanya kazi za dini na za hisani katika taasisi zilizosajiliwa. E ni ya wakimbizi. Uhamiaji nao wana herufi zao A, B na C, na hazilingani na hizi za kazi, jambo ambalo kwa kweli linachosha hata waliozoea.

Herufi hizo zinaweza kuonekana kama mambo ya makaratasi tu. Sivyo. Fikiria shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza pembezoni mwa mji wa Tukuyu inayotaka walimu wawili kutoka Kenya. Wa kwanza anafundisha fizikia, wa pili anafundisha historia. Wamesoma chuo kimoja, wamepanda basi moja, wameshuka stendi moja wakiwa na mabegi yaleyale ya magurudumu yasiyopenda barabara ya mawe. Wa fizikia anaingia kundi B, kwa sababu walimu wa sayansi ni wachache na sheria imemtambua. Wa historia anaingia kundi C, na hapo mwajiri atakuwa na kazi ngumu ya kueleza kwa nini anavuka mpaka kutafuta mwalimu wa historia wakati vijana waliomaliza vyuo vya ualimu, pamoja na vile vya Tukuyu na Mpuguso hapahapa wilayani, wanazunguka na vyeti mkononi wakitafuta ajira. Sheria haimhukumu mwalimu wa historia kwamba hajui. Inasema tu kwamba anachokijua kinapatikana nyumbani.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo sheria inamuuliza mwajiri wa mgeni linahusu upungufu. Mwajiri, na si mfanyakazi, ndiye anayeomba kibali, tena anatakiwa kuomba kabla mgeni hajaingia nchini. Ni lazima aonyeshe kwamba alijitahidi kumtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akamkosa. Anaambatisha mkataba, vyeti na maelezo ya kazi. Daktari lazima pia akubaliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika, na mhandisi asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Anayekuja kujitolea katika hospitali ya kanisa, kama zile za Igogwe au Itete, naye anapita njia hiyohiyo. Kutopokea mshahara hakumwondolei mtu wajibu wa kuwa na kibali.

Hadi hapa ni upande wa kuingia. Sasa unakuja upande ambao wengi hawauangalii, nao ndio kiini cha sheria nzima: upande wa kutoka.

Kibali cha kazi hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24, kisha huweza kuongezwa. Sheria ya 2015 iliweka ukomo wa miaka mitano kwa jumla, na marekebisho ya mwaka 2021 yakausogeza hadi miaka minane. Mwekezaji anaweza kufika miaka kumi. Hiyo maana yake ni kwamba mgeni mwenye ujuzi anahesabiwa siku tangu siku ya kwanza. Na katika kuomba kibali, mwajiri anatakiwa kuonyesha mpango wa kurithishana ujuzi: ni Mtanzania gani atakayejifunza kazi hiyo, atajifunza kwa njia gani, na lini ataishika mwenyewe.

Hilo lina uzito wa kurudiwa. Kibali si cha mtu mmoja. Kwa mujibu wa mpango huo kila mgeni anatakiwa awe na mtu kando yake. Mgeni anayefanya kazi peke yake miaka minane, halafu akaondoka na ujuzi wake kichwani, ametimiza muda wa kibali chake, lakini lengo la sheria halijatimia.

Je, mpango huo unafanya kazi? Wakati mwingine unafanya kazi vizuri, na wakati mwingine ni karatasi iliyojazwa jina la kijana wa stoo ili jalada likamilike. Tofauti kubwa iko katika aina ya ujuzi wenyewe. Kuna ujuzi wa wiki moja na kuna ujuzi wa miaka kumi, na sheria ina kipimo kimoja kwa aina zote mbili. Rungwe ina mifano ya pande zote.

Mfano wa kwanza ni parachichi. Katika miaka ya karibuni parachichi aina ya Hass limepanda katika vilima vya Rungwe likakaa kando ya mgomba, chai na kahawa, na tunda hilo linasafirishwa nje. Mwaka 2022 Tanzania ilipata ruhusa ya kuliuza China. Sasa, tunda la Hass lina hila: huwezi kujua kwa kulitazama kama limekomaa. Likichumwa changa halitaiva, litasinyaa tu na kuwa kama mpira, na mnunuzi wa Ulaya atalikataa kontena zima likiwa bandarini. Ndiyo maana huja mtaalamu wa ubora.

Anafanya nini mtaalamu huyo? Anachukua matunda machache ya shamba moja, anayamenya, anatoa kokwa, anayakatakata vipande vyembamba kama karatasi. Anapima gramu 100 kwenye mizani ndogo. Anaweka vipande kwenye maikrowevu kwa moto mdogo, anavitoa, anapima, anavirudisha, anapima tena, mpaka uzito ukome kupungua. Kilichobaki ni kitu kikavu, rangi ya majani yaliyofifia, chepesi kama maganda ya karanga. Zikibaki gramu 21 au zaidi, tunda limefikia kiwango cha chini cha soko la Ulaya kwa Hass. Zikibaki 17, mkulima anaambiwa asubiri.

Mara ya kwanza wanaotazama hudhani ni maajabu ya maabara. Mara ya tatu, kijana yeyote aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuifanya. Mizani, kisu kikali, maikrowevu na daftari. Je, kazi hiyo inahitaji mgeni kwa miaka minane? Haihitaji. Inahitaji mgeni kwa msimu mmoja, tena akae na vijana watatu au wanne si mmoja, kwa sababu mmoja ataajiriwa na kampuni nyingine kabla msimu haujaisha. Kuchagua miche, kupanga umwagiliaji na kupambana na magonjwa ya mizizi ni ujuzi wa kina zaidi, na huo unastahili muda mrefu. Ofisa anayepima maombi angepaswa kuuliza swali hilo kila mara: ni sehemu ipi ya kazi ya mtu huyu isiyoweza kufundishwa mwaka huu?

Mfano wa pili uko chini ya ardhi. Milima ya Rungwe ni ya volkano. Ziwa Ngozi limekaa ndani ya shimo la mlima uliolipuka, na upande wa Busokelo, eneo la Kiejo-Mbaka, chemchemi za maji ya moto zinajulikana tangu enzi za mababu. Serikali, kupitia Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania, inatafuta mvuke huo uzalishe umeme. Kuchimba kisima cha jotoardhi si kuchimba kisima cha maji. Mtambo unakwenda chini kilomita na zaidi, katika mwamba wa moto, na anayesimamia lazima ajue nini cha kufanya matope ya kuchimbia yanapopotea ghafla kwenye ufa, au mvuke unapopanda kabla ya wakati. Makosa huko hayalipwi kwa tunda kukataliwa bandarini.

Ujuzi huo haufundishwi kwa wiki moja wala kwa mwaka. Iceland, nchi ndogo yenye volkano nyingi, ina mafunzo ya jotoardhi yaliyoanza mwaka 1979, ya takriban miezi sita, na Watanzania wamekuwa miongoni mwa wanaoyapitia. Hata hivyo darasa ni darasa; kinachobaki hujifunzwa kwenye mtambo wenyewe, usiku, mvua ya Rungwe ikinyesha. Hapa mgeni anahitajika kweli, na miaka minane si mingi.

Jirani anaonyesha njia hiyo inafika wapi. Kenya ilianza kuzalisha umeme wa jotoardhi Olkaria mwaka 1981, kwa msaada mkubwa wa wataalamu wa nje. Katika miaka ya karibuni kampuni ya umeme ya Kenya, KenGen, imechimba visima vya jotoardhi Ethiopia na Djibouti, na Mkenya ndiye mtaalamu wa kigeni aliyeombewa kibali huko. Miaka kama 40 imepita kati ya kupokea na kupeleka. Ni muda wa mtu kuajiriwa kijana na kustaafu.

Sasa, msikilizaji, turudi nyuma kidogo kihistoria, kwa sababu Rungwe ilikutana na wageni wenye ujuzi kabla ya kuwapo Tanzania.

Mwaka 1891 wamisionari Wamoravian kutoka Ujerumani, akiwamo Theodor Meyer, walifika na kujenga kituo chini ya Mlima Rungwe. Hawakuomba kibali kwa mtu yeyote wa ofisi, ingawa walilazimika kuelewana na machifu wa Wanyakyusa kuhusu ardhi ya kujenga. Walikuja na dini, na pia na ufundi: kujenga, kufundisha kusoma, kutibu. Baadaye utawala wa Kijerumani ukahamishia makao yake Tukuyu, wakati huo ikiitwa Neu Langenburg.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia Neu Langenburg kutoka upande wa kusini. Wamisionari Wajerumani wakakamatwa na kuondolewa, maana sasa walikuwa raia wa nchi adui. Ujuzi wao haukuulizwa. Kwa muda Waskoti wa misheni ya Livingstonia, ng'ambo ya mpaka, waliangalia vituo vilivyoachwa, lakini wao wenyewe walikuwa wachache. Waliobaki na shule, na ibada, na wagonjwa, walikuwa walimu na wazee wa kanisa wa hapahapa. Wajerumani hawakuruhusiwa kurudi Tanganyika mpaka katikati ya miaka ya 1920. Wakarudi, na Vita Kuu ya Pili ilipoanza wakakamatwa tena.

Hiyo ni sera ya uhamiaji katika sura yake kali kabisa. Mgeni mwenye ujuzi anaweza kuondoka kwa sababu kibali kimekwisha, au ameugua, au serikali mbili zimegombana, na katika hali zote hizo swali linalobaki ni lilelile: nani alikuwa kando yake?

Baada ya uhuru swali hilo lilikuja kwa nguvu. Watanganyika wenye elimu ya juu walikuwa wachache mno, ofisi nyingi za ujuzi zilishikwa na wageni, na madai ya kuweka Waafrika mahali pa wageni hao yalikuwa makubwa. Januari 1964 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba tangu hapo kigezo cha kuajiriwa kingekuwa uraia, siyo rangi ya mtu. Uamuzi huo haukuwapendeza wote, lakini ndio msingi ambao sheria ya leo bado imesimama juu yake. Sheria ya 2015 haina neno Mwafrika wala Mzungu wala Mhindi. Ina raia na asiye raia.

Wakati huohuo nchi ilihitaji walimu, na ikawaomba nje. Mmoja alikuwa kijana wa Kimarekani, Leonard Levitt, aliyeletwa na Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, akafundisha Mpuguso mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliporudi kwao aliandika kitabu kuhusu maisha yake huku, An African Season, kilichotoka 1967, na baadaye akawa mwandishi wa habari New York. Mwaka 1969 Peace Corps iliondoka Tanzania, siasa zikiwa zimechacha, na haikurudi mpaka 1979. Miaka kumi bila walimu hao. Mpuguso haikufungwa. Leo Mpuguso ina chuo cha ualimu, na wanaofundisha kufundisha ni Watanzania.

Mpaka hapa imezungumzwa habari ya wageni wanaokuja Rungwe. Upande wa pili ni wa watu wa Rungwe waliokuwa wageni kwa wengine, na upande huu husahaulika kila sheria za uhamiaji zinapojadiliwa.

Tangu miaka ya ukoloni wanaume wa Kinyakyusa walitoka kwenda kutafuta fedha: machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, na migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, waliyopelekwa na shirika la kuandikisha wafanyakazi lililojulikana kwa wote kama Wenela. Jambo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali ya kikoloni ilimtuma mtafiti, Philip Gulliver, aje Rungwe katika miaka ya 1950 kuchunguza uhamaji huo na athari zake. Baada ya uhuru serikali ya Tanganyika ilikomesha kupeleka watu kwa makaburu.

Masharti ya Wenela yalikuwaje? Mkataba wa muda maalumu. Ukiisha, unarudishwa kwenu. Familia haiji. Kubadilisha mwajiri hakuna. Na kubwa kuliko yote, sheria za ubaguzi za Afrika Kusini zilitenga kazi za ujuzi migodini kwa ajili ya wazungu. Mtu wa Rungwe angeweza kushinda shimoni miaka mingi akajua miamba kwa mlio wake ikigongwa nyundo, akajua pa kuweka nguzo ili dari lisianguke, akawafundisha wageni wapya, na kwenye daftari bado akaandikwa kibarua asiye na ujuzi. Alirudi nyumbani na blanketi, baiskeli na cherehani. Cheti hakuwa nacho.

Hapo linaonekana jambo ambalo sera za leo nazo hazijalimaliza: mwenye ujuzi ni yule ambaye sheria imekubali kumwita hivyo. Fundi aliyejifunza kazi miaka 20 gereji bila cheti, awe Mmalawi anayevuka Kasumulu au Mtanzania anayevuka kwenda upande wa pili, kwenye fomu hana pa kujieleza. Mhitimu mwenye cheti kizuri ambaye hajawahi kushika spana anapita. Mfumo wa vibali unapima karatasi kwa sababu karatasi ndiyo inayopimika.

Mpaka huo wa Kasumulu hauko mbali na Tukuyu. Ni mwendo wa kushuka tu kupitia Kyela. Je, jirani hana nafuu? Kwa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki upo mkataba wa soko la pamoja ulioanza kutumika Julai 2010, unaoruhusu wafanyakazi kuhama kutoka nchi moja hadi nyingine. Lakini kila nchi iliandika orodha ya kazi inazozifungulia mlango, na Tanzania iliandika orodha ya tahadhari, ikilenga zaidi watu wa taaluma. Kibali bado kinahitajika. Malawi na Zambia, ambazo ndizo majirani wa karibu wa Rungwe, haziko kabisa katika jumuiya hiyo. Kwa hiyo kisheria mhandisi wa Nairobi, aliye mbali, yuko karibu zaidi na Tukuyu kuliko mhandisi wa Karonga, kule Malawi.

Mwishoni mwa Julai 2025 likaongezwa jambo jipya. Waziri wa Viwanda na Biashara alitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo kutuma na kupokea fedha kwa simu, kutengeneza simu, saluni, kuongoza watalii, uchimbaji mdogo wa madini, na ile inayogusa Rungwe moja kwa moja: kununua mazao shambani. Mtanzania anayemsaidia mgeni kuivunja amri hiyo naye anatenda kosa. Kenya ililalamika kwamba jambo hilo linakwenda kinyume na ahadi za jumuiya.

Je, amri hiyo ni sehemu ya sera ya wenye ujuzi? Kwa kuitazama kwa mbali, hapana, inahusu biashara. Kwa mkulima wa parachichi, ujuzi na biashara hukutana chini ya mti mmoja. Mgeni aliyeajiriwa na kampuni kwa kibali halali akaja shambani kupima ukomavu wa tunda na kufundisha namna ya kulikata kwa mkasi likibaki na kikonyo, huyo ni mtaalamu. Mgeni anayekuja na gari na mzani, akataja bei na kutoa noti palepale shambani, huyo ni mnunuzi, na amri inamkataza. Ugumu ni kwamba mara nyingine ni mtu huyohuyo, asubuhi mtaalamu, jioni mnunuzi. Mkulima hana haja ya kuijua sheria nzima, lakini ana haki ya kuuliza mtu amekuja kufanya kazi gani na kwa karatasi gani.

Kwa upande wa wawekezaji mlango umefunguliwa zaidi. Sheria ya Uwekezaji ya 2022 iliruhusu mradi unaoanza kuleta wageni hadi kumi, badala ya watano wa sheria ya zamani, na tangu 2021 maombi ya vibali vya kazi yanafanyika kwa mtandao. Ukiangalia yote kwa pamoja, nchi inalegeza kamba juu na kuikaza chini: mtaji mkubwa na taaluma adimu zinapewa nafasi, biashara ndogo inalindwa kwa wazawa. Anayetaka anaweza kuiona kuwa busara au kuwa upendeleo. Walau mantiki yake inaeleweka.

Limebaki kundi moja, dogo kwa idadi: watafiti. Mgeni anayetaka kufanya utafiti Tanzania huanza kwa kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, na akiwa anachunguza wanyamapori anahusisha pia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori. Kisha anapata kibali cha ukaazi cha kundi C.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS walikuwa wakifanya kazi katika misitu ya Mlima Rungwe, chini ya Mwingereza Tim Davenport. Waliwasikia wawindaji wa Kinyakyusa wakitaja nyani mmoja wa ajabu, mwenye manyoya marefu na mwenye haya, wakiwa na jina lake kabisa. Wageni hawakuwa na hakika. Misituni hadithi ni nyingi, na baadhi ya wanyama wa hadithi hawapo. Waliendelea kufuatilia, na mwaka 2003 wakamwona. Mwaka 2005 habari zake zikachapishwa katika jarida la Science la Marekani, na mwaka uliofuata wanasayansi wakamfungulia jenasi yake mpya, Rungwecebus, kwa jina la mlima.

Katika orodha ya walioandika makala hiyo ya kwanza, pamoja na wageni, wamo Watanzania wawili, Noah Mpunga na Sophy Machaga. Na jina la mnyama lililoingia katika vitabu vya sayansi duniani kote ni lilelile walilolikuta kwa wawindaji wa Rungwe: kipunji.